Kielekezi kikicheza usichimbe: namna ya kukituliza siku ya kupandikiza jino

Nianze na jina maana litatuchanganya. Kile kidude cha plastiki chenye matundu, kinachovaliwa juu ya meno ili drili ipite pale pale ulipopanga kwenye kompyuta, kazini wengi tunakiita "gaidi". Siku moja fundi wa maabara kanitumia meseji, "dokta gaidi amefika stendi Nane Nane njoo umchukue", mke wangu akaisoma kabla yangu, nilieleza mpaka chai ikapoa. Kwa hiyo hapa nitasema kielekezi, na kile kibomba cha chuma kilichomo ndani ya tundu nitakiita slivu.

Naandikia madaktari wa meno wenzangu wa huku juu, Mbeya, Iringa, Njombe, hasa mnaoanza. Maana naona tunavyodanganyika, mtu akishapanga kipandikizi (ile skrubu inayoingia kwenye mfupa badala ya mzizi wa jino) kwenye kompyuta, kaona mshipa wa fahamu, kaona sainasi (ule uwazi wa hewa juu ya magego ya juu), kaona mfupa unatosha, basi anajua kazi imeisha. Kompyuta haitikisiki bwana, kielekezi kinatikisika. Kuna mapitio ya tafiti yalitoka 2018 yakakuta kipandikizi kilichowekwa kwa kielekezi kinakosea kwa wastani mm 1.2 pale kinapoingilia mfupa, mm 1.4 kule nchani, na kinainama digrii 3.5 tofauti na mpango, na huo ni wastani, wapo waliokosea zaidi ya hapo. Ndo maana tunaacha angalau mm 2 juu ya mshipa wa fahamu wa taya la chini, na wala hizo mm 2 sio za kuchezea.

Piga hesabu mwenyewe uone. Toka kwenye slivu mpaka ncha ya drili inapoishia ndani ya mfupa ni kama mm 20 hivi. Kielekezi kikiinuka upande mmoja kikakupa digrii 3 tu, ambazo kwa macho huzioni, ncha imeshahama mm 1. Umekula nusu ya akiba yako kabla hujakosea kitu kingine chochote.

Mafiga kwanza

Bibi zetu walijua hili zamani, sufuria kwenye mafiga matatu haichezi hata kama ardhi ni mbovu, sufuria kwenye mafiga mawili utaishika kwa mkono mpaka ugali uive. Kielekezi ni hivyo hivyo. Kila nikiangalia mpango wa kesi swali langu la kwanza ni figa la tatu liko wapi.

Pengo la jino moja katikati ya meno mazima halina shida, meno yako mbele na nyuma, hapo we hakikisha tu kinavaa meno ya kutosha, mimi sishuki chini ya mawili kila upande na nikiweza navuka mpaka upande wa pili wa taya. Shida kubwa ni pale magego yote ya nyuma yameondoka, kielekezi kinashika mbele tu halafu nyuma kinaning'inia hewani juu ya fizi. Fizi inabonyea. Ukikandamiza nyuma, mbele kinanyanyuka, ukikandamiza mbele, nyuma kinanyanyuka. Hayo ni mafiga mawili.

Mi mwenyewe nilishaumwa hapo. Mwalimu mmoja mstaafu kutoka Tukuyu, taya la chini kushoto, magego hamna, nikajiamini nikaagiza kielekezi kifupi kinachoshika meno matatu tu ya mbele yake. Dada aliyekuwa ananisaidia nikamwambia kandamiza hapo nyuma kisichomoke, naye akakandamiza kweli kweli, maana mkono wake una nguvu. Kipandikizi kikaingia kimelalia upande wa ulimi. Mshipa hatukuugusa, namshukuru Mungu, ila jino la kuvalisha juu ya kipandikizi likaja kuhitaji kiungio cha pembe, yaani kiunganishi kilichopinda kati ya kipandikizi na jino, gharama ikapanda na mimi ndo niliyeibeba. Kosa halikuwa la dada, alifanya nilichomwambia. Kosa lilikuwa kwenye oda.

Sasa hivi kesi ya namna hiyo naagiza kielekezi kinachozunguka taya lote, na huko nyuma naweka pini moja inayoingia kwenye mfupa kwa pembeni. Pini ndo figa la tatu. Iwekwe kwenye mpango kabisa, ukiangalia CBCT (ile skani ya eksirei inayoonyesha taya pande zote), isipite kwenye mzizi wala karibu na lile tundu la mshipa unaotokea chini ya magego madogo, sio unafika siku ya operesheni unatafuta pa kuchomeka. Taya la juu una bahati, unaweza kufunika na kaakaa, linakaza vizuri.

Mambo mengine ya kumwambia fundi wakati wa kuagiza: unene usishuke chini ya mm 2.5, mimi naomba 3, chembamba kinapinda mkononi. Madirisha juu ya vichwa vya meno, matatu au manne yaliyotawanyika, hayo ndo macho yako, bila madirisha huwezi kujua kama kimekaa mpaka chini. Na jino linalocheza lisihesabiwe kama mhimili, nimeona mtu kaegemeza kielekezi kwenye jino lililolegea kwa ugonjwa wa fizi, sasa hapo unaegemea ukuta unaotembea.

Halafu skani. Mgonjwa apigwe CBCT akiwa kaachanisha meno, weka pamba katikati, meno ya juu na chini yakigusana programu inashindwa kujua lipi ni lipi. Mwenye kofia nyingi za chuma zilizovalishwa kwenye meno picha inatoka na miale, kulinganisha na skani ya mdomo kunakuwa kwa kubahatisha, na kielekezi kilicholinganishwa kwa kubahatisha hakitakaa hata ukiombee. Na ukishachukua vipimo usimzibe jino, usimng'oe, usimwekee kofia mpya, mpaka operesheni ipite. Niliwahi kuziba tundu dogo tu la gego wiki moja kabla kwa huruma, kielekezi kikagoma kukaa, nikaja kugundua ni ile komposaiti yangu mwenyewe.

Safari ya kutoka Dar

Wengi wetu huku hatuna printa, tunatuma faili Dar na kielekezi kinakuja na basi, km 800 na ushee. Rezini, ile plastiki inayoprintiwa kielekezi, haipendi jua wala joto, inaendelea kukauka na kujikunja. Kifurushi changu kimoja kondakta alikiweka kwenye dashibodi, kapita nacho Chalinze, Mikumi, Kitonga, jua lote la mchana kimelipokea, kufika Mbeya kimejikunja kidogo sana, kwa macho kizuri kabisa, kwenye modeli ya plasta kinapiga "tik tik" kama kigoda kibovu. Tangu siku hiyo fundi anakifunga kwenye mfuko mweusi, ndani ya kopo gumu, na modeli yake pembeni. Modeli ndo muhimu kuliko. Ukipokea, kabla hujampigia mgonjwa simu, kivalishe kwenye modeli kwanza. Kisipotulia kwenye plasta hakitatulia mdomoni.

Wenye printa zenu, na najua wapo sasa, baridi ya hapa ya Juni na Julai inafanya rezini kuwa nzito kama uji uliolala, printi zinatoka na kasoro au zinang'oka katikati. Pasha chumba na rezini ifike nyuzi 25 hivi ndo uanze, tingisha chupa vizuri, ukimaliza osha na alkoholi lakini usikiloweke muda mrefu kitanywa kivimbe, kaushe, halafu ndo ukiweke kwenye taa ya kukausha kwa muda ulioandikwa na mwenye rezini. Slivu iingie kwa kubana. Slivu inayozunguka ndani ya tundu ni mchezo mwingine juu ya mchezo.

Kuhusu otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, soma karatasi ya rezini yako, kuna zinazoruhusu nyuzi 121 na kuna zinazovumilia 134, ukipitisha unapika kielekezi. Na kwa wale mnaotumia otoklevu za zamani za kusoma geji, zile kama presha kuka, mkumbuke Mbeya ni mita kama 1,700 juu ya bahari, huku maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo ile psi 15 ya Dar inayokupa nyuzi 121 huku haikupi, inabidi geji isome 17 na nusu mpaka 18. Mashine za kisasa zinazopima joto lenyewe hazina habari na hilo. Kielekezi kikishapoa, kirudishe kwenye modeli tena uone kama bado kimekaa vile vile.

Siku yenyewe, kabla ya ganzi

Kivalishe mdomoni kabla hujachoma sindano yoyote. Mgonjwa bado ana hisia zake, atakwambia "dokta hapa panabana", huo ni msaada wa bure, ukishampiga ganzi umeupoteza. Angalia kila dirisha, meno yawe yamegusa plastiki bila mwanga katikati, pitisha hata ncha ya probu. Halafu jaribio la kidole, kandamiza ncha moja macho yakiwa ncha ya pili, kisha geuza. Kikinyanyuka hata unene wa ukucha, hakijakaa.

Kikigoma, weka silikoni nyepesi ndani, kivalishe, subiri, toa. Pale plastiki ilipotokeza wazi ndo panapogota, parua hapo tu, kidogo, rudia. Ukishaparua mara tatu nne na bado, acha. Kielekezi kilichochongwa sana kinaingia vizuri na kinacheza vizuri vile vile. Mwambie mgonjwa ukweli, mama samahani kifaa hakijakubali, tutapima upya. Hakuna aliyenikasirikia kwa hilo mpaka leo, ila yule mwalimu wa Tukuyu wa kiungio cha pembe aliniuliza maswali mengi na alikuwa na haki.

Ganzi nayo ina ujanja wake. Ukiimwaga nyingi juu ya fizi pale pale kielekezi kinapokalia, fizi inavimba kama andazi na kielekezi kinaelea juu yake. Kwa kielekezi kinachovaa meno sio neno, kwa kile kinachokalia fizi tupu ni balaa. Choma mbali kidogo, kule kwenye mkunjo wa shavu, pole pole, au piga ya kuziba mshipa mzima kwa taya la chini, kisha subiri dakika kama kumi uvimbe utulie ndo ukivalishe. Usisahau kuganzisha na pale pini itakapoingilia. Mi nilishasahau, mzee akaruka.

Mdomo usio na jino hata moja

Hapa ndo kazi ilipo, nitakaa kidogo. Hakuna jino la kushika, kielekezi kinakalia fizi tupu, na fizi inateleza na kubonyea. Kila kitu kinaanzia kwenye dencha, yaani meno bandia ya kuvaa na kuvua. Ile dencha utakayoitoboa vitundu na kuvijaza gutapacha (ile ya kujazia mizizi ya meno) ili ionekane kwenye skani, halafu upige skani mbili, moja mgonjwa kaivaa na moja dencha peke yake, ndo itakayozaa kielekezi, kwa hiyo kama dencha yenyewe inacheza umenakili mchezo. Ijaze upya ndani kwanza ikamate. Na kwenye picha ya CBCT tafuta ule mstari mweusi kati ya dencha na fizi, ukiuona hiyo ni hewa, dencha haikukaa wakati wa skani, rudia skani hata kama mgonjwa katoka Makete. Inauma kumwambia mzee wa watu arudi, najua.

Kabla ya siku yenyewe, tengenezeni kitu cha kung'atia, silikoni ngumu kati ya kielekezi na taya la pili, ifanyike maabara kwenye atikuleta, kile kifaa kinachoshika modeli za taya la juu na la chini zikutane kama mdomoni. Ukisema utaifanya mdomoni siku hiyo hiyo, kwa baridi letu silikoni inachelewa kukaza na mgonjwa anachoka kushikilia. Siku ya kazi unavalisha kielekezi, unaweka silikoni, "mama ng'ata taratibu, ubaki hivyo hivyo, usisage". Kung'ata kwake ndo kunakiweka mahali pake, mkono wako hauwezi kupata pale pale. Akiwa kang'ata hivyo hivyo toboa pini ya kwanza, maji yakimwagika ya kutosha, ingiza pini, angalia. Kisha ya pili, kisha ya tatu. Zisipungue tatu na zisielekee upande mmoja wala zisilale sambamba, mbele moja na pembeni kulia na kushoto, zikivutana hivyo hakichomoki. Ukimaliza zote ndo umwambie afungue mdomo, toa silikoni, fanya tena jaribio la kidole.

Usianze kwa kukaza pini ya upande mmoja mpaka mwisho huku upande wa pili uko hewani. Utakuwa umekipigilia misumari kikiwa kimepinda, na sasa hakichezi kabisa, kimetulia kwenye makosa, hiyo ni mbaya kuliko kinachocheza kwa sababu hakuna kitakachokushtua.

Kama unafungua fizi badala ya kuitoboa, fizi iliyofunguliwa inapenda kujikunja chini ya kielekezi na kukiinua. Ivute pembeni uishone na uzi wa muda, huku ulimini na huku shavuni, ndo uvalishe.

Drili ikianza

Msaidizi ashike pande zote mbili, vidole viwili, nguvu sawa, kuelekea chini. Nguvu ya kukaa tu, asikandamize kama anafunga sanduku la safari. Mwelezeni kabla, mkiwa bado hamjavaa glavu, mfanye na kwenye modeli.

Drili iingie kwenye slivu ikiwa haizunguki, ifike chini, ndo ukanyage pedali. Ukiingiza inazunguka inakwangua chuma, na vumbi la chuma linaishia kwenye mfupa. Mkono usiegemee. Drili za vielekezi ni ndefu, mgonjwa asiyefungua sana mdomo huko nyuma utajikuta unaisukuma drili kwa mbele ili tu iingie, na hapo unakilazimisha kielekezi kufuata mkono wako badala ya mkono kufuata kielekezi. Pima ufunguzi wa mdomo siku ya kwanza ya miadi, na drili kabisa mkononi. Kama haiingii wima, kesi hiyo sio ya kielekezi cha namna hiyo, omba slivu iliyo wazi ubavuni au fanya kwa njia nyingine.

Mfupa wenye mteremko, mfano pale jino lilipong'olewa siku za karibuni, drili inateleza kufuata mteremko na kukisukuma kielekezi kizima. Anza na ile drili ya kusawazisha kilele, kisha nyembamba. Taratibu juu chini juu chini, maana kielekezi kinaziba maji yasifike, na mfupa ukikaa kwenye nyuzi 47 kwa dakika moja unaanza kufa. Weka dripu ya selaini kwenye friji toka jana yake, na msaidizi awe na sirinji ya ziada anamwagia pembeni.

Kila ukibadilisha drili rudia kuangalia madirisha. Kila ukibadilisha. Unga wa mfupa unaingia chini ya kielekezi na hauonekani, suuza, vuta na saksheni, kandamiza, angalia. Sekunde kumi tu.

Baada ya tundu la kwanza la mm 2 mi huwa natoa kielekezi kinachokaa kwenye meno, natumbukiza pini ya kupimia, napiga picha ndogo. Bado unaweza kurekebisha hapo. Ukifika drili ya mwisho hakuna cha kurekebisha.

Kuweka kipandikizi kupitia kielekezi, angalia kishikio chake kikigusa slivu, simama. Usiongeze mzunguko hata mmoja kwa kusema "kikaze kidogo". Kishikio hakina pa kwenda, kitakivuta kielekezi na kukipindisha, na pini zitalegea. Kwenye mdomo usio na meno ukimaliza cha kwanza acha kishikio chake hapo hapo kama mhimili wa ziada, kisha nenda upande wa pili wa taya, usifuatishe vyote upande mmoja.

Na umeme ukikatika drili ikiwa ndani ya slivu, maana huku kwetu hilo nalo lipo, usiing'oe kwa kuyumbisha. Msaidizi aendelee kushika, wewe irudishe kwa mkono ikiwa wima, mkisubiri jenereta.

Kikianza kucheza katikati ya kazi, simama. Toa, suuza, tazama kama kuna ufa, mara nyingi ufa uko pembeni ya slivu. Kimepasuka? Usikigundishe mezani. Kama tundu la kwanza limeshathibitika kwa picha na una mkono wa kuendelea bila kielekezi, endelea. Kama huna, funga, shona, panga siku nyingine, mfupa utajijaza.

Ukimaliza toa pini zote kwanza ndo uinue kielekezi, nimeshuhudia mtu akivuta huku pini moja imebaki ndani. Kandamiza vitundu vya pini kwa pamba, havihitaji mshono. Piga picha ya mwisho, ilinganishe na mpango ule wa kwenye kompyuta mgonjwa akiwa bado kwenye kiti, kisha kielekezi na modeli vitie kwenye mfuko wenye namba ya faili, vikae kabatini mbali na dirisha.